Muulize Mjomba: ile boti nyembamba ya topido ilifanya kazi gani hasa?

Toleo lililopita tuliweka kipicha kidogo ukurasa wa mwisho, boti nyembamba kama mkuki inakata maji, na chini tukaandika mstari mmoja tu: USS Cushing, Marekani, 1890, imetoka kiwanda cha fundi kipofu. Basi. Nilidhani mtaipita tu, kumbe nimejichokoza nyuki mwenyewe, simu haijanyamaza wiki tatu. Sasa nafasi yote ya mwezi huu naimalizia hapo hapo, wale mlioniuliza habari za pikipiki na visima mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Shikamoo Mjomba. Mi fundi gereji hapa Tanga, nauliza kwanza hiyo topido ni kitu gani na boti yake ina tofauti gani na nyambizi? Maana mi nilijua topido ni za nyambizi tu.

Marahaba fundi. Wengi tunajua hivyo hivyo kwa sababu ya sinema, ila boti zilitangulia miaka mingi. Jina lenyewe limetoka kwa samaki, kuna samaki wa jamii ya taa anayepiga umeme, ukimgusa mkono unakufa ganzi, kwa Kilatini anaitwa torpedo. Zamani bomu lolote la kulipukia majini liliitwa hivyo hata kama limetulia tu linasubiri meli ije iligonge.

Topido tunayoijua leo, inayokwenda yenyewe, ilianzia Fiume, siku hizi panaitwa Rijeka huko Croatia, mwaka 1866. Afisa mstaafu wa Austria, Giovanni Luppis, alikuwa na wazo la kiboti cha mabomu cha kuongozwa kwa kamba kutoka ufukweni, akampelekea injinia Mwingereza anaitwa Robert Whitehead. Whitehead akaona hizo kamba ni upuuzi akaanza upya, akatengeneza bomba la chuma lenye umbo la samaki, ndani hewa iliyoshindiliwa inazungusha injini ndogo, injini inazungusha pangaboi. Kazi ngumu haikuwa kwenda, ilikuwa kubaki kwenye kina kile kile. Mwanzoni ilikuwa inachomoza na kuzama kama pomboo. Akaja kuweka kifaa kinachosikia mgandamizo wa maji kikishirikiana na timazi inayobembea, vyote vinasukuma usukani wa juu na chini, na hicho kifaa alikificha sana, watu walikiita Siri, wala hawakukosea maana serikali zilikuwa zinalipa hela nyingi ili kuonyeshwa tu. Wewe fundi utamwelewa.

Sasa ukiwa na kitu kama hicho, kinakwenda mita mia chache tu, swali ni nani atakisogeza mpaka karibu na meli ya adui bila kupigwa. Hapo ndo ikazaliwa boti ya topido: iwe ndogo isionekane, iwe na mbio isilengwe, ije usiku. Wanorwei walikuwa na Rap mwaka 1873, ila yenyewe bado ilikuwa ya bomu la kusukuma kwa mti, Waingereza wakawa na Lightning miaka mitatu baadaye, zote mbili kazi ya John Thornycroft wa Chiswick, London. Na halikuwa tishio la maneno matupu, Januari 1878 viboti vya Warusi chini ya Stepan Makarov viliizamisha meli ya Waturuki Intibah pale Batum kwa topido za Whitehead.

Mjomba, huyo Cushing ni nani mpaka akapewa boti? Msomaji wako, Nakuru.

Aisee huyu ndo mwenyewe. Ukiniuliza mimi, stori ya huyu mtu ni tamu kuliko ya boti yenyewe, nikizidisha mnisamehe.

William Barker Cushing alizaliwa 1842 Wisconsin. Chuo cha wanamaji hakumaliza, Machi 1861 alitolewa, alifeli Kihispania na juu yake alikuwa mtundu, mwalimu wa Kihispania ndo alikuwa anakiona cha moto. Mwezi mmoja baadaye vita ya Marekani ya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini, ikaanza, jeshi la kaskazini likawa halina muda wa kuchagua, akarudishwa kazini.

Aprili 1864 watu wa kusini wakaingiza kwenye mto Roanoke manowari ya deraya, yaani iliyovikwa bamba za chuma, inaitwa Albemarle. Usidhani ilitoka bandari kubwa, iliundwa kwenye shamba la mahindi kando ya mto! Ikashuka na maji, ikaigonga meli ya kaskazini Southfield ikazama, mji wa Plymouth ukaangukia mikononi mwao. Meli za mbao za kaskazini zikawa zinaitazama kwa mbali, risasi zikigonga zile bamba za chuma zinateleza tu.

Usiku wa tarehe 27 Oktoba 1864 Cushing akapanda mto na kiboti kidogo cha mvuke. Mbele kwenye omo kulikuwa na mti mrefu, chukulia upondo wa dau, ncha yake imefungwa bomu. Kamba za kuliteremsha na kulilipua alizishika mwenyewe mikononi. Wakashtukiwa karibu kabisa, mbwa wakabweka, moto ukawashwa ufukweni, na mwanga wa ule moto ndo ukamwonyesha kwamba Albemarle imezungushiwa magogo yaliyofungwa minyororo ili asifike mtu. Mwingine angegeuza arudi zake. Na yeye aligeuza kweli, lakini ni kutafuta nafasi ya kuchukua mbio, akarudi moja kwa moja mpaka kiboti kikapanda juu ya magogo (yalikuwa yamekaa majini mpaka yana utelezi), mti ukashushwa chini ya ubavu wa meli, akavuta kamba. Bomu na mzinga wa Albemarle vikalia karibu sekunde moja.

Albemarle ikakaa chini ya mto. Kiboti chao kikaisha, wengi wakatekwa, wawili wakazama, waliorudi ni wawili tu, Cushing mmojawapo. Aliogelea kwenye maji ya baridi, akalala kwenye kinamasi, kesho yake akaiba kimtumbwi cha askari wa adui akapiga kasia mpaka kwenye meli za kaskazini. Siku hiyo hajafikisha hata miaka 22, alibakiza wiki. Alikufa 1874 akiwa na miaka 32. Kaka yake Alonzo alikuwa mpiga mizinga, alikufa kwenye mapigano ya Gettysburg 1863, vita ile ile, na nishani yake ya juu kabisa ikaja kutolewa 2014, hesabuni wenyewe hiyo foleni.

Kwa hiyo Marekani ilipounda boti yake ya kwanza ya topido ya chuma, jina halikuwa na mjadala.

Mjomba siku hizi unatupiga kamba. Fundi kipofu wa kuunda manowari? Msomaji wa siku nyingi, Morogoro.

Hahaha, nilikuwa nakusubiri. Sikupigi kamba. Kiwanda kiliitwa Herreshoff, kilikuwa Bristol, jimbo la Rhode Island, walikuwa ndugu wawili. Mkubwa, John Brown Herreshoff, alipoteza macho akiwa bado kijana wa kama miaka 15, na bado akaanzisha biashara ya kuunda maboti 1863. Mdogo wake Nathanael alisomea uhandisi, akafanya kazi kwenye kampuni ya injini za mvuke ya Corliss, halafu 1878 wakaungana rasmi. Nathanael ndo alikuwa anabuni, na hakuanza na michoro, alianza kuchonga mti, nusu ya umbo la boti kwa kipimo kidogo. Kile kimti kaka yake alikuwa anakipapasa, anapitisha kiganja kuanzia omo mpaka tezi, na kwa mkono tu anakwambia hapa pamejaa sana hapa pamekonda sana. Ukimsikiliza fundi wa jahazi akielezea ubao uliokaa vizuri utaona naye anatumia viganja zaidi ya macho, kwa hiyo mi binafsi haikunishangaza sana.

Kabla ya Cushing hawa ndugu walishaunda Stiletto ya mbao mwaka 1885, wakaitoa kwenye mto Hudson ikashindana na meli ya abiria iliyosifika kwa mbio, Mary Powell, ikaishinda. Jeshi likainunua 1887 kwa majaribio ya topido. Nathanael huyo huyo baadaye ndo aliunda mashua zilizolitetea kombe la America kuanzia 1893 mpaka 1920.

Salamu Mjomba. Mimi nahodha mstaafu, Lamu. Nimeiangalia ile picha nikasema hiyo haikai bahari kuu. Vipimo vyake tafadhali.

Marahaba na heshima yako nahodha, jicho lako bado zima. Urefu mita 42 na kidogo, upana mita 4.6, kina kwenye maji mita moja na nusu hivi, uzito tani 116. Yaani urefu ni mara tisa ya upana. Kwa maji matulivu ni raha, inateleza tu haisukumi maji, lakini bahari ikichafuka inalala ubavu huu inaamkia ule, na mawimbi yanapita juu ya sitaha kana kwamba hakuna kitu pale. Hili la mawimbi usilisahau, tutalirudia kwa huzuni huko chini.

Ndani karibu yote ni mitambo. Boila mbili za aina ya Thornycroft, ambazo maji yako ndani ya mirija na moto uko nje, kinyume na boila za zamani ambazo moto ndo ulipita kwenye mirija ndani ya pipa kubwa la maji. Faida yake maji ni kidogo, uzito mdogo, mvuke unapatikana haraka, ila hazitaki mchezo, ukizilisha maji machafu mirija inaziba na kuungua. Injini mbili, kila moja na pangaboi lake, za ule mtindo wa kuutumia mvuke mara nne: unaanza kwenye silinda ndogo ukiwa na nguvu zote, unahamia kubwa, kubwa zaidi, mpaka umechoka ndo unaachiwa. Jumla zaidi ya nguvu za farasi 1,600 kwenye kitu chembamba vile! Mbio noti 23 hivi, karibu kilomita 42 kwa saa, na hiyo ni 1890 wakati meli nyingi kubwa za vita hazigusi hata 20.

Silaha: mirija mitatu ya kurushia topido na mizinga mitatu midogo ya kufukuzia viboti vingine. Watu 22. Na hapo hapo ndani kuna makaa ya mawe, topido, chakula na vitanda.

Walikuwa wanalala humo kweli?

Wanalala, wakipata nafasi. Joto la boila, vumbi la makaa, mtikisiko. Ndo maana hizi boti zilipenda kukaa karibu na bandari au meli mama.

Sawa Mjomba lakini hujasema ilizamisha meli ngapi. Kijana wako, Dodoma.

Kwa topido? Hata moja.

Usikate tamaa lakini, sikiliza. Aprili 1890 ilikabidhiwa kwa Luteni Cameron Winslow, ikatembea na kikosi cha mazoezi, halafu Septemba 1891 ikapelekwa Newport kwenye kituo cha topido cha jeshi, kile cha kisiwa cha Goat kilichofunguliwa 1869. Pale kazi ilikuwa kurusha, kukosa, kuokota, kurusha tena. Msicheke, ilikuwa kazi ya maana sana kwa sababu mwaka ule ule 1891 Marekani ndo kwanza imepata kibali cha kutengeneza topido za Whitehead kwenye kiwanda cha Bliss huko Brooklyn, na zile za mwanzo zilikuwa hazina kifaa cha kushika mstari, zinaweza kuondoka vizuri zikapinda zikaenda zinakotaka. Maofisa wote waliokuja kuamrisha boti za baadaye walipaswa kujifunza mahali, na mahali penyewe ndo hapo, kwa miaka kadhaa boti za kujifunzia zilikuwa hiyo na Stiletto basi, Ericsson ilikuja kuingia kazini 1897.

Mwisho wa 1897 mambo ya Cuba na Hispania yakachacha, Cushing ikapelekwa Key West, Florida, chini ya Luteni Albert Gleaves. Sasa boti yenye mbio vile unafikiri watu waliipa kazi gani? Tarishi! Bodaboda ya baharini, inabeba barua. Manowari ya Marekani, Maine, ilikuwa imetia nanga Havana, na mawasiliano yake mengine yalipita mikononi mwa Cushing.

Tarehe 11 Februari 1898 ilikuwa njiani kwenda Havana na bahari imechafuka. Afisa kijana, Joseph Cabell Breckinridge, akachukuliwa na bahari kutoka kwenye sitaha. Ile sitaha niliyomwambia nahodha wa Lamu. Wawili wakajirusha kumfuata, mmoja fundi wa mizinga John Everetts, mwingine mpishi wa boti, Daniel Atkins, Mmarekani mweusi kutoka Virginia. Hebu fikiria, boti nyembamba inayoyumba vile, Februari, mpishi ametoka jikoni kwake anaruka kumfuata afisa wake. Breckinridge hakupona. Wote wawili walipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yao, na jeshi la majini la Marekani wakati ule mtu mweusi nafasi aliyoachiwa mara nyingi ilikuwa ni jikoni au kwenye makaa, kwa hiyo mi hiyo nishani ya Atkins naiona nzito mara mbili.

Siku nne baadaye, usiku wa tarehe 15, Maine ikalipuka pale pale bandarini Havana, wakafa watu zaidi ya 250, na Aprili vita ya Marekani na Hispania ikaanza.

Kwenye vita yenyewe Cushing ililinda maji ya Florida na pwani ya Cuba. Agosti 7 ikakamata vyombo vinne vidogo, Agosti 11 skuna moja ya tani 20 ikakamatwa na kuchomwa. Kesho yake, Agosti 12, makubaliano ya kusimamisha mapigano yakatiwa saini. Mwenye hiyo skuna sijui alijisikiaje kukosa kwa siku moja, mi ningelia.

Na boti zingine za topido hazikufanya tofauti sana. Winslow (boti hii, siyo yule luteni) iliingia Cárdenas, Cuba, tarehe 11 Mei mchana kweupe ikakutana na mizinga ya nchi kavu, wakafa watano akiwemo afisa Worth Bagley. Mchana kweupe! Chombo kilichoundwa kwa ajili ya giza, bati lake jembamba hata risasi ya kawaida inapita, unakituma mchana kupigana na mizinga, hapo mi silaumu boti.

Kwa hiyo Mjomba ilikuwa hasara tupu?

Hapana bwana. Boti hizi kazi yao kubwa ilifanyika bila kurusha kitu. Kila nchi yenye manowari za bei mbaya iliingiwa na hofu, ikabidi waweke mataa makubwa ya kumulika usiku, mizinga midogo ya kupiga haraka haraka, nyavu za chuma za kuning'iniza ubavuni meli ikitia nanga. Na Aprili 1891 kule Chile hofu ikathibitika, manowari ya deraya Blanco Encalada ilizamishwa kwa topido kwenye ghuba ya Caldera. Halafu wakasema ngoja tuunde kitu cha kuwawinda hao wawindaji, kikubwa kidogo, kina mbio zile zile na mizinga zaidi, Waingereza wakatoa Havock 1893, wakakiita mwangamizi wa boti za topido. Maneno ya nyuma yakaja kukatwa, likabaki mwangamizi peke yake, ndo hizo destroya tunazozisikia mpaka leo. Kisha destroya zikabebeshwa topido zenyewe, boti ndogo ikakosa kazi, mwindaji kavaa ngozi ya aliyemla.

Mjomba hizi topido zilishawahi kutugusa sisi huku au ni habari za wazungu tu? Kutoka Kigoma.

We wa Kigoma una lako na ziwa, nakujua. Zile boti za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokuja ziwa Tanganyika 1915 zilitoka kwa Thornycroft yule yule mwenye boila za Cushing, ila zilikuwa boti za mizinga, siyo za topido. Waliikamata meli ya Wajerumani, Kingani, Desemba 26 mwaka huo na kuizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann, Februari 9, 1916. (Na hiyo Mimi siyo mimi na wewe, ni neno la kitoto la paka kwa Kifaransa.)

Topido yenyewe ilitugusa, tena vibaya. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ndani yake kuna kikosi cha mizinga cha askari wa Afrika Mashariki, kikosi namba 301, watu karibu elfu moja, na manesi, na wanamaji. Tarehe 12 karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Wajapani I-27 ikaipiga topido mbili. Ilizama ndani ya dakika chache, hata boti za kuokolea hazikushushwa. Walikufa karibu 1,300. Kuna familia Kenya, Uganda na Tanganyika ambazo babu yao hakurudi na hawajawahi kuambiwa zaidi ya "alipotea baharini".

Na Cushing iko wapi sasa, makumbusho?

Hapana, ukitaka kuona boti ya zama hizo ni ile Rap, iko makumbusho ya jeshi la majini Horten, Norwei. Cushing ilitolewa kazini Novemba 1898, ikaja kukaa akiba miaka ya mwanzo ya 1900, halafu tarehe 24 Septemba 1920 wakaitoa nje wakaifanya shabaha ya mazoezi, ikazama. Jina likaendelea kwenye destroya nne, moja ikazama Guadalcanal 1942, ya mwisho ikastaafu 2005. Breckinridge naye akapewa destroya. Gleaves pia, akiwa ameshafika cheo cha admirali. Atkins mpishi hajapewa.